Kushusha Mti Mkubwa Uliozungukwa na Nyumba: Mwongozo Kamili wa Mkwezi

Mwembe nitakaoutolea mfano ulikuwa Mbagala, Dar es Salaam, uani kwa mama mmoja mwenye wapangaji sita. Kimo chake kilikaribia mita 16, na shina lilihitaji watu wawili kulikumbatia. Tagaa moja lilikuwa limelalia bati la mpangaji, jingine limevuka ukuta na kuingia kwa jirani, na chini kulikuwa na choo, tenki la maji na banda la kuku. Upande wa kuuangushia haukuwepo. Mti wa namna hiyo hauangushwi, hushushwa: kipande kwa kipande, toka kileleni hadi kisikini, na kila kipande kinapangiwa pa kutua kabla hakijakatwa.

Kazi ile ilituchukua siku mbili. Msumeno ulinguruma labda saa nne kwa jumla. Muda uliobaki tulikuwa tunatazama, tunafunga kamba, tunabishana na kunoa. Kijana anayetaka kuingia kwenye kazi hii na hapendi kutazama wala kubishana, atafute riziki kwingine. Na mwenye nyumba anayesoma ili aokoe pesa akate mwenyewe: soma, itakusaidia kumtambua fundi wa kweli, lakini juu usipande.

Hatua ya 1: Karatasi na jirani

Mti kuwa kwenye kiwanja chako hakukupi ruhusa ya kuukata kimyakimya. Tanzania Bara, anzia ofisi ya serikali ya mtaa; wao watakuelekeza kwa ofisa wa misitu au mazingira wa halmashauri. Miti ya msituni na usafirishaji wa mazao yake viko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Magogo ukiyapakia kwenye lori bila kibali cha kuyasafirisha, safari itaishia kizuizini. Ukiwa Kenya, uliza serikali ya kaunti na Huduma ya Misitu, KFS.

Jirani naye ni ofisi. Tagaa limevuka ukuta wake, kwa hiyo mwende mkamwone kabla, mwenye mti akiwepo, na mkubaliane mambo matatu: ataondoa nini uani kwake, watoto watakuwa wapi siku hiyo, na kuni zitakazoangukia upande wake ni za nani. Hilo la mwisho linaonekana dogo. Nimewahi kusimamishwa juu ya mti nusu saa nzima, nikining'inia, huku chini watu wanagombea kuni.

Hatua ya 2: Usome mti

Uzunguke mara tatu. Mara ya kwanza tazama chini: udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja? Kuna uyoga mgumu wa kama kisahani umeota kwenye shina au mizizi? Huo ni dalili kwamba ndani panaoza, hata kama majani yamejaa kijani kibichi. Gonga shina kwa kisogo cha shoka ukizunguka. Mti mzima hujibu kwa sauti fupi, nzito. Ulio na uwazi hulia kama ngoma.

Mara ya pili tazama panda, yaani pale tagaa mbili zinapogawana. Panda pana yenye umbo la bakuli ina nguvu. Panda nyembamba, iliyobana gome katikati, hupasuka bila taarifa; usifunge hapo kamba ya kubeba uhai wako.

Mara ya tatu tazama kilele, na utafute vitu vitatu: matawi makavu yaliyonasa, wadudu, na waya. Kwenye miembe na minazi ya pwani utawakuta majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Hawaui, ila mtu anayeng'atwa shingoni akiwa ameshika msumeno hufanya mambo ya kijinga. Nyuki ni habari nyingine kabisa. Ukiona wanaingia na kutoka kwenye tundu, kazi inaahirishwa mpaka mrina asali aje awahamishe, tena usiku. Mngurumo na moshi wa msumeno huwachokoza, na mtu aliyefungwa kamba juu hana pa kukimbilia.

Waya za umeme hazina mjadala. Mti mbichi una maji, na maji yana chumvichumvi. Tawi likigusa waya, umeme unapita kwenye mti, kwenye kamba iliyolowa na kwako. Mimi sisogei ndani ya mita 3 za waya wowote, na sehemu yoyote ya mti inayoweza kuufikia ikianguka, naihesabu kuwa imeshaufikia. Hapo shirika la umeme liitwe likate laini. Mwenye nyumba akikwambia "hizo waya mbona za ndani tu, kaka", mwombe azishike.

Jua pia tabia za mti wenyewe. Mwembe una mti mzito na matagaa mapana, na utomvu wake huwasha ngozi kwa sababu ni ndugu wa mkorosho, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Mvinje ni mgumu lakini matawi yake hukatika kwa ghafla. Mkaratusi hudondosha tawi zima siku tulivu isiyo na upepo. Mkrismasi hutanua matawi kama mwavuli, na uzito wote uko mbali na shina. Mnyaa ukiupunguza, linda macho: maziwa yake yanaweza kupofusha.

Chagua na msimu. Kwenye masika, Machi hadi Mei, gome huteleza na udongo hulegea. Kusi ikivuma kwa nguvu, mimi sipandi. Kamba ya kushushia mzigo haina maana kama upepo ndio unaoamua mzigo uende wapi.

Hatua ya 3: Vifaa, na kwa nini kamba inatangulia msumeno

Fundi mchanga hununua msumeno kwanza, kamba akaokota. Geuza mpangilio huo. Kamba ya kukwelea iwe ya unene wa milimita 12 hadi 13, iliyosokotwa kwa ajili ya watu, na isitumike kamwe kuvutia gogo wala gari. Kamba ya kushushia mizigo ni nyingine, nene zaidi, na rangi yake iwe tofauti ili hata mtu aliyechoka asizichanganye. Kamba za mkonge na zile nyepesi za dukani za kufungia mizigo ziache kwa kazi hizo hizo. Kila asubuhi pitisha kamba yote kiganjani, pole pole, ukitafuta palipolainika, palipokakamaa, palipoungua au kukatika nyuzi.

Mkanda wa kukwea uwe wa kukalia, unaopita mapajani, si ule wa kiunoni peke yake. Ongeza kamba fupi ya pili ya kujifungia shinani, kofia ngumu yenye kamba ya kidevuni, miwani, vizibo vya masikio, glavu na viatu vyenye soli inayong'ata. Gambuti hazifai juu ya mti.

Ukianguka kutoka mita 10, unafika chini kwa sekunde moja na nusu hivi, ukiwa na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Hesabu hiyo namwambia kila kijana anayenijia akisema babu yake alikwea minazi miaka arobaini bila kamba. Babu zetu tunawaheshimu. Pia tunajua makaburi ya wenzao yalipo. Mwanamaji wa Kwale, kufa maji mazoea.

Msumeno wa mnyororo, au chenso kama tunavyouita kazini, uwe mdogo juu na mkubwa chini. Juu ya mti, upanga (ule ubao wa chuma ambao mnyororo unauzunguka) wa sentimita 30 au 35 unatosha. Hakikisha breki ya mnyororo inafanya kazi: misumeno mingi ya zamani ya kupasulia mbao haina breki kabisa, na ile haipandi mtini hata siku moja. Petroli ichanganywe na oili maalumu ya injini za mchanganyiko, mililita 20 kwa lita 1, kama kitabu cha msumeno wako kinasema 50 kwa 1. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakoua pistoni.

Kunoa ni somo zima, lakini shika haya. Tupa ya duara iwe saizi ya mnyororo wako; mnyororo mdogo wa misumeno ya juu hutaka ya milimita 4. Shika pembe ya nyuzi 30, sukuma mbele tu, na kila jino lipate idadi ileile ya misukumo, ya kushoto na ya kulia. Msumeno mkali hutoa chembe nene. Ukianza kutoa vumbi la unga, simama unoe, kwa sababu sasa wewe ndiye unayesukuma, na mtu anayesukuma juu ya mti ndiye anayeteleza.

Hatua ya 4: Mtu wa chini

Watu hupiga picha aliye juu. Kazi yenyewe inashikwa na aliye chini. Yeye ndiye anayeshusha mizigo, anayezuia wapita njia, anayesikia tenki likigongwa, na anayeona ufa ambao wewe uliye karibu huuoni. Malipo yake yasipishane sana na ya mkwezi. Mkwezi anayemlipa mtu wa chini kama kibarua wa kubeba kuni atapata akili za kibarua siku atakayohitaji akili za fundi.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sawa, ila usimngoje chini yake. Zungushia eneo utepe au kamba, na ndani yake asiingie mtu mpaka mkwezi ameitikia. Sisi tunatumia maneno matatu tu. Mkwezi huuliza "Chini?" Mtu wa chini, akishatazama pande zote, hujibu "Safi!" Kisha mkwezi anatamka "Linakuja!" na ndipo anakata. Kimya si jibu. Msumeno ukinguruma, maneno hayasikiki, kwa hiyo uzime kwanza au tumieni filimbi.

Kwenye kundi lenu, angalau mtu mmoja aliye chini awe anajua kukwea na awe na vifaa vyake tayari. Mkwezi akizimia huku ananing'inia mkandani, damu inakwama miguuni na dakika zinahesabika. Kumsubiri zimamoto aje na ngazi siyo mpango.

Hatua ya 5: Kukwea

Kwa mwembe wa Mbagala tulirusha kifuko cha mchanga, chenye uzito wa chini kidogo ya nusu kilo, kilichofungwa uzi mwembamba, kikapita juu ya panda imara karibu na katikati ya mti. Uzi ukavuta kamba. Kabla mtu hajapanda, watu wawili wakaning'inia kwenye ile kamba kwa pamoja na kuitikisa. Panda ikipasuka, ipasuke wakiwa futi moja toka ardhini.

Kupanda kwenyewe kunategemea fundo la kusuguana. Lile la prusiki ni rahisi kujifunza: kitanzi cha kamba nyembamba, milimita 8 au zaidi kidogo, kinazungushwa mara tatu kwenye kamba kubwa na kupitishwa ndani yake chenyewe. Ukiliachia uzito, linabana, ukiliondolea, linasogea. Jifunze ukiwa mita moja toka ardhini, siku nyingi, mpaka uweze kulifunga gizani.

Miiba ya chuma ya kufunga miguuni ni kwa mti unaokatwa tu. Mti unaopunguzwa matawi usiupande kwa miiba, maana kila hatua ni jeraha, na mti hauponyi jeraha kama ngozi. Huzungushia ukuta sehemu iliyoumia na kuendelea kukua nje yake. Tundu linabaki humo.

Ukifika mahali pa kukatia, jifunge mara mbili: kamba kuu na ile kamba fupi kuzunguka shina. Msumeno unaweza kukata kamba moja kwa kuigusa tu. Hapo ndipo unapovutiwa msumeno juu, ukiwa umezimwa, kwa kamba yake.

Hatua ya 6: Matawi

Tawi jembamba ambalo chini yake hapana kitu, lidondoshwe. Kabla ya kukata, fikiria uzito. Mita moja ya ujazo ya mti mbichi ina uzito unaokaribia tani moja. Gogo la kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 1 hufika karibu kilo 180. Tunaliita kipande, lakini ni uzito wa wanaume wawili na ziada.

Tawi nene likatwe mara tatu. Mkato wa kwanza unatoka chini, sentimita 30 au 40 mbali na shina, unaingia robo au theluthi ya unene. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi linaachia bila kuchana gome la shina. Wa tatu unaondoa kile kibutu kilichobaki. Kama mti utaendelea kuishi, mkato huu wa mwisho uache ule uvimbe mdogo ulio shingoni mwa tawi. Humo ndimo mti unamojengea ukuta wake. Ukikata usawa na shina ili ipendeze, umeufungulia uozo mlango.

Tagaa lililolalia bati halidondoshwi. Tulifunga kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, kwenye panda iliyo juu yake, kamba nene ikapita ndani ya kapi na kushuka hadi kisikini mwa mti mwingine uani, ikazungushwa mara tatu. Hayo mazungusho ndiyo yanayobeba mzigo kwa msuguano. Mtu wa chini anaachia tu kidogo kidogo. Tulifunga mwisho wenye majani ili tagaa litoke kwenye bati kwa kuinuka badala ya kuburuzika. Likashuka kama mtoto anavyoshushwa mgongoni.

Mtu wa chini asijizungushie kamba mkononi. Miaka ya nyuma mwenzangu mmoja alifanya hivyo kwa tawi ambalo sote tuliliona dogo. Aliinuliwa, akagonga shina, na mpaka leo vidole viwili havikunji. Kosa lilikuwa langu pia, nilimwona nikanyamaza kwa kuwa tulikuwa na haraka.

Na usishike msumeno kwa mkono mmoja. Ncha ya juu ya upanga ikigusa mti, msumeno hupiga teke kuja usoni kwa kasi ambayo jicho halifuati. Mikono miwili, kidole gumba kimezunguka mpini, kichwa kisiwe kwenye mstari wa mnyororo.

Hatua ya 7: Shina

Matawi yakiisha unabaki na nguzo. Teremka nayo ukikata vipande vifupi, sentimita 40 hivi, ukivisukuma vitue kwenye kitanda cha matawi na matairi ya zamani mlichotandika chini. Ukiwa umebakiza mita 3, shuka. Sehemu hiyo inaangushwa kwa kukatwa ukiwa umesimama ardhini, na hapa ndipo sheria za kuangusha mti wowote zinapoingia.

Kwanza safisha njia mbili za kukimbilia, za mshazari kuelekea nyuma, kushoto na kulia. Nyuma moja kwa moja si salama, kwa sababu shina linaweza kuruka kinyume. Mti mzima unapoangushwa mahali pa wazi, watu wakae umbali wa mara mbili ya urefu wake.

Kisha kata mdomo upande wa kuangukia: mkato wa juu wa mshazari, mkato wa chini wa bapa, vikutane bila kupishana. Kina chake ni kati ya sehemu moja ya tano na robo ya kipenyo. Shina letu lilikuwa na sentimita 90, kwa hiyo mdomo ulikuwa wa sentimita 20. Sasa kata nyuma, sentimita chache juu ya usawa wa mdomo, na usikate mpaka mwisho. Acha ubao wa mti usiokatwa, unene wake sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Kwetu sentimita 9. Huo ndio bawaba. Unaongoza mti kama bawaba inavyoongoza mlango. Ukiukata wote, mti unakwenda unakotaka wenyewe.

Pachika kabari za plastiki au za mti mgumu nyuma ya upanga mara nafasi inapopatikana. Za chuma zitang'oa meno ya mnyororo. Gonga kabari, sikiliza. Ukisikia mlio, zima, ondoka kwa njia yako, na usigeuze mgongo.

Mnazi una sheria zake

Mnazi hauna panda ya kufungia kamba, na kuti si tawi: usijifunge kwenye kuti hata moja. Shusha nazi kwanza, kisha makuti, ndipo ukate shina. Nje ni mgumu kupita kiasi, ndani ni laini kama sifongo, na mnyororo huisha makali haraka, kwa hiyo beba wa akiba. Vidato vya zamani vilivyochongwa shinani hushika maji na kuoza. Kikanyage kila kimoja kwa kukijaribu. Minazi iliyokufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, iliyobaki nguzo tupu baada ya kilele kudondoka, haikwewi. Hiyo inavutwa kwa kamba ndefu kutoka mbali, au inaachwa.

Baada ya kazi

Kubalianeni mapema kuni ni za nani, maana bei inabadilika. Shina la mwembe lililonyooka usilikimbize kwenye tanuri la mkaa kabla hujauliza. Mwembe ndio mti ambao mafundi wa pwani wamekuwa wakichongea ngalawa, na kipande kizuri kina mteja. Letu halikufaa, lilikuwa na uwazi ndani unaoingia ndoo, kama shoka lilivyotuambia siku ya kwanza. Mama alichukua kisiki akasema kitakuwa kinu. Kuku walirudi bandani kabla hatujamaliza kufagia.

Kabla ya kulala: osha upanga na uondoe maganda kwenye mfereji unamopita mnyororo, tandaza kamba kivulini zikauke, hesabu karabina zote, zile pete za chuma za kuunganishia kamba na mkanda. Legeza mnyororo, kwa sababu ukipoa husinyaa na unaweza kuvuta ekseli ya injini. Noa usiku huohuo, wakati bado unakumbuka ni jino gani liligonga msumari.